Shajara ya mradi: kulitoa pipa la ndani la mashine ya kufulia ya Bwiru

Jumamosi, 1 Juni 2024

Leo tumeitoa mashine ya mama mkubwa kwenye ukumbi wa nyuma wa nyumba yake ya Bwiru, hapa Mwanza, tukaiweka juu ya mbao mbili chini ya mwembe, mahali penye kivuli hadi saa nane mchana. Ni mashine ya Kimarekani ya kupakia nguo kwa juu, ya miaka ya 1970, ambayo marehemu baba mkubwa aliileta kwa treni kutoka Dar es Salaam, na kwa miaka mingi ndiyo iliyofua mashuka ya vyumba vya wageni vilivyomsomeshea mama watoto wake. Kibati kilichopigiliwa mgongoni kinaonyesha volti 220 na hezi 50, kwa hiyo ni ya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za nje. Hiyo ni bahati, kwa sababu mashine za volti 120 na hezi 60 huteseka sana huku kwetu: transfoma hushusha volti lakini haigusi hezi, na mota iliyokusudiwa hezi 60 hupungukiwa na mwendo kwa karibu sehemu moja ya sita na kupata joto kuliko kawaida.

Ugonjwa wake ni wa kawaida kwa mashine ya umri huu. Maji yanadondoka chini katikati, na wakati wa kukamua kuna mlio wa kusaga unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka. Tafsiri yangu ni kwamba sili, yaani pete ya mpira inayozuia maji, imechoka, maji yamepita na kuingia kwenye beringi ya juu, ile pete ya gololi inayoishika shafti izunguke laini, na beringi imeanza kula kutu. Sili na beringi zote mbili ziko chini ya pipa la ndani, na hakuna njia ya kuzifikia pasipo kulitoa pipa hilo.

Kwa wasioijua mashine ya namna hii, mapipa ni mawili. Pipa la nje limetulia na ndilo linaloshika maji. Pipa la ndani, lenye matundu madogo pande zote, hubeba nguo na huzunguka wakati wa kukamua. Limekaa juu ya kitovu cha alumini, na kitovu kimevishwa kwenye shafti nene ya chuma iliyo na uwazi katikati kama bomba. Ndani ya uwazi huo hupita shafti nyingine nyembamba inayoendesha ajiteta, yaani ule mnara wa plastiki wenye mapezi unaozikoroga nguo. Mpangilio huu wa shafti mbili, moja ndani ya nyingine, ndio unaofanya kazi yetu iwe ya hadhari kubwa, na nitaurudia.

Ajiteta ilitoka baada ya kumwagiwa maji ya moto na kuvutwa taratibu kwa kamba iliyopitishwa chini ya mapezi, kwa kuwa iliyokuwa ikiishika ni sabuni iliyoganda tu. Pete ya juu inayozuia maji kuruka ilifunguka bila shida. Nati kubwa ya duara yenye mapengo manne, inayolikaza pipa kwenye shafti, ilihitaji spana ya pekee ambayo hatuna. Nilikwenda Makoroboi, kwa wale mafundi wanaogeuza mabati chakavu kuwa vitu vya nyumbani, na mmoja wao akanikatia kipande cha bomba la chuma na kukichonga meno manne kwa grenda huku nikisubiri. Kabla ya kuigusa nati nilisafisha tredi (mikato ya skrubu) zilizobaki wazi juu yake kwa brashi ya waya ili nione zinaelekea wapi, kwa sababu baadhi ya viwanda huweka tredi za kushoto mahali hapa, na mtu asiyetazama anaweza kutumia nguvu zake zote kukaza anachodhani anakifungua. Hizi zilikuwa za kulia. Nati ilifunguka kwa pigo la tatu.

Pipa halikutikisika hata kidogo.

Jumapili, 2 Juni

Ninaandika siku hii kwa uchungu. Tulifunga kamba nne kwenye ukingo wa juu wa pipa la ndani, tukazipeleka kwenye kapi lililoning'inizwa katika tawi la mwembe, na mimi na binamu yangu tukavuta. Mashine nzima ilinyanyuka kutoka kwenye mbao, ikining'inia kwa pipa lake, na pipa halikuachia. Tulipoishusha nilipima ukingo kwa utepe: upana wa upande mmoja na ule wa upande mwingine sasa vinatofautiana kwa milimita 6. Ukingo umekuwa yai. Enameli imepasuka sehemu mbili, kila moja kama ukucha wa kidole kidogo, na chuma cheusi kinaonekana.

Mama mkubwa alitoka jikoni, akainama, akalishika lile jeraha kwa kidole. Alisema, "Mwanangu, sufuria hili halina mwenzake Mwanza hii. Ukilivunja, umeivunja mashine." Nilimwomba radhi. Tuliacha kazi palepale.

Jumamosi, 8 Juni

Wiki nzima nimefikiria, na nimefikia hoja ambayo ningepaswa kuanza nayo. Pipa lenye kimo cha zaidi ya futi moja halijakwama kwa kimo chake chote. Limekwama pale kitovu kinapoikumbatia shafti, sehemu ambayo urefu wake haufiki vidole vitatu. Kuvuta ukingoni ni kuipitisha nguvu kwenye bati jembamba kabla haijafika mahali penye tatizo, na bati hukunjika kabla kitovu hakijajua kwamba kuna anayevuta. Nguvu lazima ianzie kitovuni na iishie kwenye shafti, na pipa libebwe tu kama abiria.

Kisha nikataka kujua limeshikwa na nini. Watu wengi wangesema ni chokaa ya maji na kumimina siki. Nilikwangua unga wa kijivu kutoka kwenye mwanya wa kitovu, nikaudondoshea siki juu ya kisosi. Chokaa ingetoa mapovu. Huu haukutoa hata moja. Sikushangaa sana, kwa maana maji ya bomba ya jiji letu yanatoka ziwani, na maji ya Ziwa Victoria ni laini. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huingia kama mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, kwa hiyo hayana chumvichumvi nyingi za kuganda ndani ya vyombo. Anayefua kwa maji ya kisima kirefu katika miamba yetu anaweza kukutana na hali nyingine.

Kilicholishika pipa hili ni kutu ya metali mbili. Alumini na chuma zinapogusana ndani ya maji yenye sabuni, alumini ndiyo inayoliwa, na sabuni za unga zenye ualikali huharakisha ulaji huo. Kinacholiwa hakipotei: hugeuka unga mweupe unaotaka nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, na kwa kuwa nafasi haipo, unga hujikaza katikati ya kitovu na shafti kama kabari. Kutu ya chuma nayo hufanya vivyo hivyo upande wake. Kabari hiyo imekuwa ikigongwa polepole kwa zaidi ya miaka arobaini, na haitatoka kwa mvuto wa dakika moja.

Hapa niseme pia kwamba nimekataa ushauri wa kutumia magadi makali ya kuzibulia mabomba. Magadi hayo huila alumini yenyewe kwa kasi, na kitovu hiki hakina mbadala.

Jumapili, 9 Juni, hadi Ijumaa, 21 Juni

Kuloweka. Tatizo la kwanza lilikuwa kuyafanya mafuta yakae mahali pamoja, kwa sababu sakafu ya pipa ina mteremko na kila tone hukimbilia kwenye matundu. Nilifikiria udongo wa mfinyanzi nikauacha, kwani chembe zake zingeingia kwenye shafti. Nta ya mshumaa ingeyeyuka tukianza kupasha moto. Mwishowe nilikanda unga wa ngano mgumu, nusu kikombe, nikauviringisha kama kamba na kuubana kuzunguka kitovu mpaka ukawa kijibwawa chenye kina cha sentimita 2. Unga huo ulidumu siku tano kabla ya kukauka na kupasuka, nikaweka mwingine.

Ndani ya kijibwawa nilitia mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi otomatiki, sawa kwa sawa. Mchanganyiko huu ni mwepesi na hupenya penye mwanya mdogo sana, ila ni wa kulipuka, na nilimwambia kila mtu wa nyumba hiyo kwamba jiko la mkaa lisisogezwe upande wa mwembe. Unaharibu pia mpira wa sili, jambo ambalo kwetu halina madhara kwa kuwa sili hiyo inakwenda kutupwa.

Kila jioni nikitoka kazini nilipitia Bwiru, nikajaza tena, na kugonga pembeni mwa kitovu kwa nyundo ndogo kupitia kipande cha mti mgumu, mapigo kama hamsini mepesi, nikizunguka. Mapigo hayo hayakusudiwi kusogeza kitu. Mtikisiko hufungua nyufa katika kutu na kuyapa mafuta njia.

Jumamosi, 22 Juni

Nimekwenda Nyakato kwa mzee mmoja mkerezaji ambaye amefanya kazi za shafti za boti kwa miaka mingi, nikiwa na mchoro wangu. Baada ya salamu aliutazama kwa muda, akauliza swali moja: "Hili boriti lako litasukuma wapi?" Nilimwonyesha ncha ya shafti. Akatikisa kichwa. "Hiyo ya katikati inaingia kwenye giaboksi. Ukiisukuma hiyo, pipa litatoka na giaboksi itakufa. Sukuma bomba, usisukume kilicho ndani ya bomba."

Hilo ndilo jambo nililoahidi kulirudia. Shafti nyembamba ya ajiteta imechomoza juu ya ile nene, na kifaa chochote cha kawaida cha kuvutia beringi kingeegemea kwenye ncha yake na kuishindilia chini mpaka kwenye gia. Mzee alinikerezea kofia ya chuma yenye umbo la kikombe kilichopinduliwa: uwazi wake wa ndani unaimeza shafti nyembamba bila kuigusa, na mdomo wake unakaa juu ya ukingo wa shafti nene. Mdomo huo una upana wa milimita 3 tu, kwa hiyo alinyoosha uso wake vizuri ili mzigo ugawanyike sawasawa pande zote.

Sehemu nyingine za chombo ni rahisi. Kuna kipande cha chaneli, yaani chuma chenye umbo la mfereji, chenye urefu wa sentimita 30 kinacholala juu ya kofia, na kulabu mbili za nondo laini ya milimita 10, zilizopindwa chini na kutiwa tredi juu, zinazopita katika mashimo ya kutolea maji yaliyo kando ya kitovu na kuushika ukingo wa kitovu kwa chini. Kila kulabu ina nati juu ya chaneli. Ukikaza nati, kulabu hupanda, na chaneli hukandamiza kofia.

Jumamosi, 29 Juni

Jaribio la kwanza halikufaulu. Nilikaza kila nati robo mzunguko kwa zamu, nikihesabu, na kwenye robo ya kumi na mbili nilihisi spana inalegea. Nilifurahi kwa sekunde chache. Nilipomulika kwa tochi niliona kwamba kulabu mbili zilikuwa zimefunguka midomo, kama ndoana iliyovutwa na sangara mkubwa. Kitovu kilikuwa palepale.

Fundi wa kuchomelea wa Pasiansi alinipindia kulabu mpya za milimita 12 na kuchomelea kipande cha kuimarisha mgongoni mwa kila moja. Ilinibidi kupanua mashimo ya kutolea maji kwa tupa, milimita moja kila upande, nikapaka rangi ya kuzuia kutu palipobaki wazi. Niliongeza pia kulabu ya tatu pamoja na chaneli yenye umbo la Y, kwa sababu kwa kulabu mbili nguvu huelemea upande mmoja na kukilaza kitovu, na kitovu kilicholala hujifunga zaidi.

Jumamosi, 6 Julai, na Jumapili, 7 Julai

Jumamosi alasiri tulifunga chombo upya na kukaza hadi kulabu zikatoa mlio mwembamba zikigongwa, kama waya wa baiskeli uliovutwa vizuri. Hapo tuliacha. Usiku mzima mzigo ulibaki juu ya kitovu.

Jumapili ilikuwa Sabasaba, hakuna aliyekwenda kazini, na watu wa nyumba wote walikuwapo. Nilifuta mafuta na asetoni yote kwa vitambaa, nikavipeleka mbali, kisha tukaanza kupasha kitovu kwa maji yaliyochemka. Sikutaka tochi ya gesi. Mwali wa moto ungepasua enameli ya sakafu ya pipa, na palikuwa na harufu ya mafuta bado. Maji ya moto yana mipaka yake, kwa kuwa Mwanza iko mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 96, lakini hesabu ilinipa moyo. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kitovu chenye tundu la milimita 30, kikipanda nyuzi 60, hutanuka tunduni kwa karibu milimita 0.04, na shafti ikipata joto lilelile hutanuka kwa nusu ya kiasi hicho. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko unene wa unywele, nayo inatosha kuivunja kabari ya unga.

Mama mkubwa mwenyewe alileta birika. La kwanza, hakuna kitu. La pili nililimimina polepole kuzunguka kitovu, huku binamu akigonga chaneli kwa nyundo ya kilo moja, mapigo mafupi. Hakuna kitu. Nilikaza kila nati robo nyingine. Birika la tatu lilikuwa limefika nusu liliposikika kama jiwe dogo lililorushwa juu ya bati, na wote tukanyamaza. Nilichukua rula. Alama ya penseli niliyoichora kwenye shafti, juu kidogo ya kitovu, ilikuwa imefunikwa: kitovu kilikuwa kimepanda milimita 1.5.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya subira. Kitovu hakikuteleza, kilipanda kwa shingo upande, robo kwa robo, na baada ya milimita 10 hivi kikagoma tena kwa sababu kilikuwa kinausukuma mbele yake unga wa kutu iliyokuwa juu ya shafti. Nilikirudisha chini milimita 3 kwa kugonga kwa mti, nikasafisha shafti kwa msasa, nikatia mafuta, tukaendelea. Tulifanya hivyo mara nne. Saa kumi jioni chaneli ililegea yenyewe, nikaondoa nati za kulabu, na mimi na binamu tukaingiza mikono ndani, tukalishika pipa kwa chini, karibu na kitovu, tukalinyanyua. Lilikuja juu kwa uzito wake tu, na maji machafu yakadondoka kutoka kwenye matundu.

Mama mkubwa alilipokea kwa kanga na kulilaza juu ya mkeka.

Jumamosi, 13 Julai

Ukaguzi. Shafti ina ukanda mmoja wa kutu wenye upana wa vidole viwili, wa rangi ya kahawia iliyokoza, na juu yake ganda jeupe gumu linalobanduka kama unga wa muhogo uliokauka kwenye sufuria. Juu na chini ya ukanda huo chuma kinang'aa, na alama za mashine ya kukerezea ya kiwandani bado zinasomeka. Pipa zima lilikuwa limeshikiliwa na huo ukanda. Ndani ya kitovu alumini imeliwa vishimo vidogo upande mmoja, lakini kwa kipimo cha vernia tundu bado ni la duara.

Chini ya pipa la nje kulikuwa na tope la sabuni lenye unene wa kidole, na ndani yake vifungo kumi na saba, pini tatu za nywele, shilingi moja yenye mwenge na senti 50 yenye sungura. Sarafu hizo mama mkubwa amezitia kwenye kikombe cha kabatini.

Sili ilikuwa ngumu kama ngozi ya kiatu. Beringi ya juu, baada ya kufutwa, ilionyesha namba 6206, yaani milimita 30 ndani, 62 nje na 16 unene, saizi inayopatikana kwenye maduka ya vipuri vya mashine za kusaga pale mjini. Nimenunua yenye vifuniko vya mpira pande zote mbili. Sili imechukua siku mbili zaidi, maana ilibidi kutafuta yenye vipimo vinavyokaribiana, na iliyofaa ilipatikana katika duka la vipuri vya pikipiki.

Ukingo niliouharibu tarehe 2 Juni nimeunyoosha kwa kabari ya mti na jeki ndogo ya gari iliyowekwa kwa kulala ndani ya pipa, na tofauti imeshuka kutoka milimita 6 hadi 2. Sijaendelea zaidi, kwa sababu enameli iliyo karibu na nyufa ilianza kutoa sauti. Nyufa nimezipaka rangi ya epoksi nyeupe, tabaka tatu.

Kabla ya kulirudisha pipa, shafti na tundu la kitovu vitapakwa grisi nene isiyoyeyuka majini, na kofia, chaneli na kulabu tatu zitafungwa pamoja kwenye gunia na kuwekwa nyuma ya mashine.